Siku za Mama Tepe

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Tepe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa karani wa posta. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa kuachiana ziwa, na ndiye anayewasomea.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kiuno cha mtu alikipima kwa jicho tu. Kwa miaka thelathini na nne alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, tepe shingoni.

Mume wake, mwashi, alimpelekea suruali ileile mara tatu ishonwe pindo. Mara ya nne akaulizwa, "Wewe kaka, unataka suruali au unataka fundi?" Akajibu, "Fundi." Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984.

Kuhusu ugonjwa, kikao cha familia kilitaka iandikwe "maradhi ya muda mfupi". Mdogo wake amekataa, ingawa mwenyewe hajui aanzie wapi. Mama Tepe alikoma hedhi mwaka 2012. Februari 2021 akaona damu, akatangaza, "Siku zangu zimerudi, nimekuwa kigori!" Familia nzima ikacheka.

Kwenye zahanati, muuguzi alimuuliza, "Mama, siku zako zikoje?" Naye kwa adabu zake akajibu, "Siku zangu njema tu mwanangu, namshukuru Mungu." Ikaandikwa: kawaida. Akapewa vidonge vya kuongeza damu. Kwingine picha ya tumbo ilionyesha kivimbe kidogo kwenye kizazi, wakasema mchawi ndiye huyo. Kivimbe kilikuwepo kweli, ila damu haikutoka hapo. Wengine walisema homoni, majirani wakasema umri. Mdogo wake, aliyekuwa akibeba faili, alimwamini kila mmoja kwa zamu yake.

Machi 2023 daktari mmoja aliuliza tofauti. "Hedhi ilikoma lini?"

"Elfu mbili na kumi na mbili."

"Na hii damu?"

"Si ndiyo siku zangu, daktari?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, ukishakoma mwaka mzima, huna siku tena. Hata tone moja ni la kupimwa."

Kikachukuliwa kipande cha ukuta wa kizazi. Ilikuwa saratani, na ilikwisha kusambaa. Kama swali lile lingeulizwa mapema, angepona? Mdogo wake hajui, na kutojua kunamtesa. Mama Tepe alifariki Ijumaa, tarehe 2 Juni 2023, saa tatu asubuhi.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu watano, na mdogo wake huyu anayesoma, ambaye alikoma hedhi miaka sita iliyopita, na tangu Aprili anaona damu. Hakumwambia mtu. Watoto wake wanasikia sasa hivi, pamoja nanyi. Jumatatu anakwenda kupimwa.

Mungu ampe dada pumziko lenye amani.