Chupa ya Verni ya Mwalimu Josaphat

Ndugu waombolezaji, mimi Eliane, binti yake wa pili, nimepewa kusoma maisha ya Mwalimu Kahongya Josaphat. Hakupenda mambo ya kutiwa chumvi, kwa hiyo nitasema yaliyoonekana.

Marehemu alizaliwa Vuhovi tarehe 6 Mei 1958, kwa Mzee Ézéchias na Mama Rébecca, wakulima wa maharagwe. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari Butembo, kisha elimu ya wanyama Kisangani hadi 1983.

Alifundisha biolojia Butembo kuanzia 1984 hadi 2018. Watafiti wa msituni walimletea mavi ya chui, naye kwa hadubini alitaja mnyama aliyeliwa, kwa unywele mmoja tu. Aliulaza unywele juu ya verni ya kucha isiyo na rangi. Verni ikikauka aliubandua, na alama za magamba yake zikabaki. Kisha alichunguza kiini cha ndani.

Alifunga ndoa na Mama Kavira tarehe 12 Julai 1986. Mwezi wa pili wa ndoa, mama alikuta chupa tatu za verni mfukoni mwa koti. "Ni ya panya," baba alijitetea. Mama hakupika siku mbili.

Tarehe 21 Juni 2016 alikuwa Beni kusimamia mitihani. Mwaka ule wa mauaji Beni ilizika watu wake karibu kila wiki, na hofu ilikuwa imewatoa watu akili. Sokoni umati ulimzunguka Kavugho, muuzaji wa nyama ya kukausha kutoka Manguredjipa. "Ni nyama ya mutu!" walipiga kelele. Tairi lilikuwa limekwisha kuletwa. Baba aliomba nusu saa, na hadubini ya shule jirani ikawekwa kwenye dawati uani, mbele ya wote.

Chupa yake ilikuwa imekauka. "Nani iko na verni?" aliuliza.

Mwanamke aliyeshika kiberiti, ambaye juma lililopita alimzika kaka yake, alitoa yake mkobani. "Kamata, papa. Lakini usitudanganye."

Kavugho akalia: "Papa, bataniunguza?"

"Sijue bado. Acha nione kwanza."

Jibu hilo liliniudhi miaka mingi. Angeweza kumtuliza. Lakini alijua kwamba umati ukimshika na uongo mmoja, hata ukweli wake hautasaidia.

Kwenye mkunjo wa ngozi ya nyama ile alipata nywele chache ambazo moto haukuzifikia. Kando yazo aliweka unywele wa ndevu zake mwenyewe. Kisha alimwita yule mwanamke.

"Kuya uangalie mwenyewe. Hii ya kwangu, kiini yake ni kama uzi, inakatika-katika. Hii ya nyama imejaa vyumba kama sega ya asali. Mutu hapana. Ni mboloko, kale kapaa ka mu pori."

Mwanamke alitazama muda mrefu. Halafu akarudisha kiberiti mkobani.

Ugonjwa wa sukari ulimpata baba mwaka 2020 na ukaanza na macho, jambo lililomwuma kuliko yote. Alifariki Butembo tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama.

Ameacha mjane, Mama Kavira, watoto watano, wajukuu tisa, na dada yake Hulda. Jana, tulipokuwa tukiandika orodha hii, Kavugho alifika hapa kwa miguu kutoka kituo cha magari, akasema: "Muniandike na miye." Tulimwuliza tumwandike kama nani wa marehemu.

"Andika tu: mutu."

Tumemwandika. Baba, umechunguza vya kutosha. Lala salama mikononi mwa Bwana.