Maisha ya Neville Oldroyd, Aliyekataa Albamu Yake Iitwe Britpop

Mchungaji, ndugu na jamaa, majirani wa Hathersby, na nyinyi mliosafiri tangu alfajiri kutoka London, mimi ni Hattie, mtoto wa pili wa marehemu, na mama yangu pamoja na kaka yangu Lewis wamenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, wakaniomba nisigombane na mtu, nami nimewaahidi kwamba nitajaribu.

Neville Oldroyd alizaliwa tarehe 14 Machi 1965, nyumba namba tisa Mtaa wa Kiln, hapahapa Hathersby, Yorkshire ya Kusini, akiwa kitinda mimba wa Harold Oldroyd, mchimbaji wa makaa ya mawe, na Edna, mpishi wa shule, na kabla hajajua kufunga kamba za viatu alikwisha kupakatishwa tarumbeta, maana katika mtaa ule mtoto asiyepuliza chochote alidhaniwa mgonjwa.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1970, akamaliza sekondari mwaka 1981, na mwenyewe alikiri kwamba hakuwa hodari wa hesabu wala wa kuamka, lakini elimu yake kubwa aliipata mwaka 1976, alipopokewa katika bendi ya matarumbeta ya mgodi akiwa na miaka kumi na mmoja, akapelekwa Barnsley kwenye shindano lake la kwanza, akaona mwamuzi anafungiwa ndani ya kibanda kilichozibwa kwa turubai pande zote, haoni bendi, hajui jina lake wala rangi ya makoti yake, anapuliza filimbi tu kuashiria waanze, kisha anaandika alichosikia na si kingine, na babu Harold akamwinamia akamwambia, "Humo ndani, mwanangu, hakuna mtoto wa meneja."

Septemba 1981 aliajiriwa mgodini kama mwanagenzi wa ufundi umeme, akagoma na wenzake mwaka mzima kuanzia Machi 1984, akarudi kazini nyuma ya bendi ikipiga, na mgodi ulipofungwa Oktoba 1993 akabaki na vitu viwili, gitaa na ufunguo wa chumba cha mazoezi cha bendi, na humo ndimo yeye na vijana wenzake watatu, akiwemo Anko Kit Pashley aliyekuwa mwimbaji na ambaye yuko safu ya tatu pale, walipoanzisha kundi la Taa za Shimoni.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo alipodhulumiwa. Albamu yao, Koti la Jumapili, ilirekodiwa ndani ya chumba kile katika majira ya baridi ya mwaka 1994, nyimbo kumi na moja, na katika kila wimbo walipuliza watu tisa wa bendi ya mgodi, watu waliokuwa wamekaa kwa zamu na Baba wakitunga sauti zile, wakizifuta, wakigombana, hadi gitaa likajifunza kunyamaza, lakini kampuni ya kurekodi ilipoitoa tarehe 18 Septemba 1995 iliweka juu ya jalada picha ya vijana wanne wameegemea ukuta, nywele zimewafunika macho, na wale tisa wakaandikwa nyuma kwa herufi ndogo kama sisimizi, "shukrani kwa wapulizaji", bila hata jina moja, na magazeti nayo yakaitupa albamu kwenye kapu la muziki wa vijana wa gitaa uliokuwa ukivuma mwaka ule, yakauita britpop, na Baba akasema hawakuisikiliza, waliitazama.

Tarehe 11 Mei 1996 alifunga ndoa na Denise Lumb katika kanisa hili hili, wakajaliwa Lewis tarehe 3 Februari 1998 na mimi tarehe 27 Agosti 2003, na kundi lilipovunjika mwaka 1997 alipata kazi ya ufundi wa lifti, akawa anasema amepanda cheo, maana sasa kebo zake zilipandisha watu waliooga, na kila Jumatano kwa miaka ishirini na minne aliwafundisha watoto wa kijiji tarumbeta, akiwaambia wapulize kana kwamba aliye kibandani ana usingizi.

Tarehe 9 Januari mwaka huu wa 2025 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho, naye hakuuliza amebakiwa na muda gani, aliniuliza mimi, mwanafunzi wa Leeds niliyejaza kabati kwa vikombe vya mdahalo, kama mdomo wangu una faida yoyote nje ya chuo, basi mwezi uliofuata nikapeleka hoja katika chama chetu cha mdahalo kwamba Koti la Jumapili si britpop, na mpinzani wangu, Rupert Ashdown, akasimama akasema, "Dada Hattie anampenda babake, na sisi sote tunampa pole, ila mapenzi si masikio," ukumbi ukaangua kicheko, nami nikamwambia, "Haya kaka, tutaona masikio," nikaomba wiki moja, nikatundika mapazia, nikamwachia Rupert mwenyewe achague waamuzi watatu wasioijua albamu, nikampa na filimbi tatu awagawie.

Albamu ilipokwisha kupigwa, mwamuzi wa kwanza aliandika kwamba hii ni bendi ya matarumbeta iliyokaribisha gitaa nyumbani na kulikalisha kitini karibu na mlango, wa pili akaandika kwamba ni nyimbo za kanisani zilizovaa nguo za kazi, na wa tatu akaandika britpop, wazi kabisa, na nilipompigia Baba simu wodini nilimsomea zote tatu, kwa sababu hakutulea tufiche karatasi, akasema, "Kila shindano lina kiziwi wake," akakohoa kidogo, kisha akaongeza, "Lakini mpe haki yake, ule wimbo wa sita ni wao kweli, niliutunga nikiwa na njaa ya redio."

Tarehe 24 Machi kampuni iliandika barua ikitaka kuitoa albamu upya kwa kutimiza miaka thelathini, ndani ya mfululizo wa wafalme wa britpop, picha ileile, wanne walewale, sahihi nne zikihitajika, watatu wakatia, na Anko Kit akaja hospitali akasema, "Nev, watoto wa siku hizi wanatafuta muziki kwa kuandika neno, usipoweka neno lao hawakupati," Baba akamjibu, "Basi waandike tarumbeta," wakacheka wote wawili mpaka muuguzi akaja, lakini hakutia sahihi, na alipofariki Jumatatu tarehe 2 Juni saa tatu asubuhi, sisi wote tukiwa tumemshika, sahihi ya nne ikawa ya Mama.

Juzi asubuhi Anko Kit alikuja jikoni kwetu na karatasi, nami simlaumu, aliongea ukweli wake machozi yakimtoka, "Shemeji, wasipoitoa mwaka huu hawaitoi tena, tutakufa nayo mmoja mmoja," Mama akammiminia chai, akavaa miwani, akausoma mkataba wote, akauliza, "Ukurasa wa majina uko wapi?" akajibiwa hakuna ukurasa wa majina, kuna picha, akaikunja ile karatasi akamrudishia, "Basi na sahihi hakuna, Kit, kunywa chai."

Mtasema, Hattie, neno moja tu, la nini yote haya, nami nawajibu kwamba neno hilo ndilo linaloamua nani ni bendi na nani ni pambo, na kama ni albamu ya vijana wanne basi wale tisa walipita tu mlangoni, lakini kama ni ya matarumbeta basi ni yao, na tunajua kabisa inaweza kukaa kabatini milele kwa uamuzi huu, tumelipima hilo, tumekubali.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya nne, majirani wa Mtaa wa Kiln waliotupikia bila kuitwa, Bibi Pickles aliyetunza mbwa, mafundi wenzake wa lifti waliolibeba jeneza, na wenzake wa kazi ambao jalada liliwaita wapulizaji, na aliye hai naomba asimame nikimtaja, nao ni Stanley Wroe, Ernest Hoyle, Frank Bagshaw, Joan Crabtree, Roland Tingle, Cyril Mellor, Derek Hinchliffe, Ivor Beaumont na Arnold Sykes, na nyinyi wa kampuni ya kurekodi mliotoka London mnaweza kuandika, kalamu zipo, nitarudia taratibu.

Pumzika kwa amani, Baba, sisi bado tuna kazi.