Mchezo wa Kuhesabu Ulionirudishia Sauti

Ndugu zangu, nisameheni nikisema polepole. Maneno bado yananijia kwa taabu, lakini yanakuja, alhamdulillahi, na hilo ndilo lililonisimamisha mbele yenu.

Nilikuwa muuza kanga Biashara Street. Kazi yangu ilikuwa mdomo: kumsomea mteja jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kumtania hadi acheke na kununua. Asubuhi moja nikiwa dukani mkono wa kulia ukalegea. Mteja akaniuliza bei, nikamjibu, nikajisikia mwenyewe natoa sauti isiyo na neno. Kiharusi.

Nilipotoka hospitali nilielewa kila kitu, ila nikitaka maji natamka "mlango." Wageni wakija kunijulia hali najifanya nimelala. Nyinyi wenzangu mliopatwa na kiharusi mnajua: maradhi yenyewe unayavumilia, lakini ile aibu inakumaliza.

Wifi yangu, ambaye naishi naye Mji wa Kale, alikuwa kwenye kundi la mtandaoni la washona kofia. Huko wana mchezo wao. Mmoja anaandika moja, mwingine mbili, mwingine tatu, nia wafike elfu. Akikosea mtu, wote wanaanza upya. Wifi akanitia kwenye kundi bila kuniuliza, akaniwekea simu mkono wa kushoto.

"Hapa hapana wa kukusikia," akaniambia. "Wewe andika tu inayofuata."

Nikaandika. Mara nyingi nikiitafuta tarakimu mwingine ameshanitangulia, lakini nilikuwa na pa kwenda kila siku. Tukapita mia tisa, kundi zima limechangamka. Ikafika zamu ya mia tisa sitini na mbili, mimi nikaandika tisini na mbili.

Nawaambieni, nilitamani ardhi inimeze. Nikangoja lawama. Mwanamume mmoja ambaye sijapata kumwona, afanyaye kazi maghala ya Shimanzi, akaandika: "Moja." Mama mwingine akafuata: "Mbili." Wifi yangu, aliyekuwa jikoni, akaandika tatu. Basi. Hakuna aliyenitaja.

Nikaitazama ile tatu, machozi yananitoka, na mdomo wangu ukasema, "Nne."

"Nani huyo?" wifi akauliza kutoka jikoni.

"Nne."

Akaja mbio, mkono mmoja umejaa unga, wa pili umeshika simu, akakaa chini mbele yangu. "Haya wifi, twende." Tukahesabu pamoja mpaka ishirini, yeye akilia kunishinda.

Baadaye mtaalamu wa matamshi alinieleza kwamba kwa wengi wetu hesabu hurudi kabla ya maneno mengine. Tukaanzia hapo: siku za juma, vyakula, kisha majina ya watu. Jina la wifi lilichelewa sana, naye hakununa.

Namshukuru yeye, na wale wa kundini ambao wengi wao hawajui walichonifanyia. Nanyi wenye wagonjwa nyumbani, msiishie kuwapa pole. Wapeni nafasi katika jambo mnalolifanya, hata liwe dogo, na wakikosea, anzeni nao tena.