Mzee Mkia Apite Mbele

Siku ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja kazini, mratibu wetu wa shughuli na mafunzo ya uongozi kwa maskauti vijana wa mkoa anarudisha funguo za ofisi. Jina lake la kwenye barua mnalijua. Vijana wanamwita Mzee Mkia, naye anaitika, kwa hiyo hata mimi mtunza stoo wake nitamwita hivyo hivyo, na kamati ikinuna na inune.

Jina hilo limetokana na mahali pake pa kutembea. Kwenye matembezi ya mafunzo, kijana aliyekabidhiwa kikosi hutangulia na ramani na dira, wenzake wanafuata kwa mstari, mtu mzima anakuja mwisho kabisa. Kijana akipotea, wote wanapotea naye, kisha wanakaa chini watafute walipokosea. Hivyo ndivyo Mzee Mkia alivyoipanga kazi tangu alipoipokea kwa mtangulizi wake, ambaye alikuwa akiwapeleka vijana kama mtu anayeswaga mbuzi.

Shida ilikuwa mdomo. Mwenzetu huyu ni msemaji wa kupindukia, na hata akiwa kule nyuma hakuacha kupaza sauti: kushoto, kulia, angalia shimo. Basi nani aongoze na nani afuate? Mkewe, ambaye ni muuguzi, alichoka kumpokea jioni amekauka koo. Akamjazia mfuko pipi za tangawizi na kumwambia anyonye, anyamaze, vijana wafikiri. Ikawa desturi. Mzee akitia pipi mdomoni, maana yake uamuzi ni wenu, yeye hayumo. Habari ikipita kwenye mstari kwamba mzee amekula pipi, hata mtundu wa kikosi anatulia.

Aliwahi kunyonya pipi huku akikitazama kikosi kizima kikisimamisha hema juu ya njia ya siafu. Walitoka humo wakicheza ngoma isiyo na mpigaji. Nilimwambia huo ni ukatili, akanijibu kwamba hawatarudia. Kweli hawakurudia. Mmoja wao leo ni mpima ardhi, na mpaka sasa hakai mahali bila kuinama kwanza kutazama chini.

Lakini tusimuage kwa siafu tu. Wafanyakazi wapya huniuliza kwa nini Mzee Mkia akifika kwenye korongo hutema pipi. Nitawasimulia, kwa sababu nilikuwepo.

Miaka kumi na mitatu hivi imepita. Kikosi kiliongozwa na msichana wa miaka kumi na sita, binti wa seremala aliyetutengenezea makabati ya stoo. Tulimwita Binti Seremala. Ilikuwa safari yake ya mtihani: akiwafikisha wenzake kambini salama, anavishwa skafu ya kiongozi. Njia yetu ilikata korongo pana, mchanga mkavu mtupu, jua kali utosini. Binti Seremala alifika ukingoni akasimama. Mbali huko milimani aliona wingu jeusi. Akageuka kututazama sisi wa nyuma, akaona shavu la Mzee Mkia limevimba pipi. Basi akateremka, wenzake wakamfuata.

Hapo ndipo palipoharibika, na kosa lenyewe lisingeweza kutokea kokote isipokuwa kwetu. Baadaye binti alitueleza kwamba alijiambia moyoni: kungekuwa na hatari, mzee angetema. Mzee naye, pamoja nami niliyekuwa kando yake na furushi la kamba, tulikuwa bado chini ya vichaka na wingu hatukuliona. Alichoona ni mwanafunzi wake amesimama, amefikiri, ameamua. Alifurahi, jamani. Alinifinya mkono kwa furaha.

Wa mbele walikuwa wamekwisha kupanda ukingo wa pili pamoja na kiongozi wao. Vijana wawili walikuwa katikati, wamekaa juu ya mwamba wakifunga viatu vizuri. Sisi wengine tulikuwa bado upande huu. Nikasikia ngurumo, nikadhani ni lori. Kisha maji yakatokea kwenye kona, kahawia, yamebeba povu na matawi, na kabla ya mtu kusema neno yalikuwa yameuzunguka ule mwamba pande zote.

Mzee Mkia alitema pipi, akatupa mkoba, akaingia. Hakuchukua kamba, hakuchukua hata fimbo. Maji yakamfika magotini, yakamfika mapajani. Nilimwita, lakini hakunisikia, au alisikia akapuuza, namjua. Wale wawili walikuwa wanalia wakimnyooshea mikono. Ndipo kule ng'ambo Binti Seremala alipoinua mkono juu, ngumi imefumbwa. Kwetu ishara hiyo ina maana moja: simama ulipo. Hakuishusha. Mkono haukutikisika.

Na mzee akasimama. Sisi wenye umri tunajua ilivyo kazi kutii mtoto, sembuse wakati watoto wengine wanakuita. Alisimama pale, kisha akaanza kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, nikamdaka kola nikamvuta ukingoni. Hatujavuta pumzi, gogo la mti mzima likapita likibingirika palepale alipokuwa. Mimi nilikaa chini. Mzee alibaki amesimama, macho kwa yule msichana.

Binti Seremala akatoa mkobani kamba ya kikosi, akawarushia wa mwambani. Ikapelekwa na maji. Akaivuta, akarusha tena, ikapelekwa tena. Mara ya tatu wakaidaka. Wakajifunga viunoni kwa fundo walilolifanyia mazoezi stoo kwangu huku wakilalamika kwamba linachosha, na ng'ambo wenzao wakaufunga mwisho wa kamba kwenye shina. Mmoja akataka kuruka avutwe. Mkono ukainuka tena, ngumi. Akakaa. Maji yalipanda mpaka yakawa yanalamba viatu vyao, yakabaki hapo, na sisi roho mkononi tukiyatazama bila la kufanya. Jua lilikuwa limeelemea ndipo yalipoanza kushuka. Mwishowe wale wawili walivuka kwa miguu yao wenyewe, wakafika kwa kiongozi wao wakamkumbatia, wote watatu wakaangua kilio.

Mnadhani yaliishia hapo? Wiki iliyofuata kamati iliita kikao, na ukumbi ukajaa wazazi wenye hasira ya haki. Pendekezo lilikuwa mezani: mafunzo ya uongozi yafutwe, matembezi yaongozwe na watu wazima tu, na Binti Seremala asivishwe skafu, maana ndiye aliyewateremsha wenzake korongoni. Msichana alikaa mstari wa mbele, kichwa chini. Mwenyekiti akauliza nani alikuwa anaongoza siku ile.

Mzee Mkia akainuka. "Aliyeongoza ni yeye," alisema. "Aliyekosea ni mimi. Nimewafundisha kwamba kimya changu ni ruhusa." Akavua skafu yake ya miaka yote akaiweka mezani, akasema kama kuna ya kunyang'anywa, ndiyo hiyo. Kisha msemaji huyu asiyechoka akakaa, asiongeze neno.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, nami nilikuwa nausubiri mshindo utoke kwa seremala, mtu wa maneno machache na mikono mizito. Akasimama nyuma kabisa. Hakumtazama mwenyekiti, alimtazama binti yake.

"Ulipomzuia mwalimu wako, uliogopa?"

"Niliogopa sana, baba. Nilijua asiponitii atakufa."

Seremala akapita katikati ya viti mpaka mezani. Akaichukua ile skafu, akamrudishia Mzee Mkia shingoni, akaifunga kwa mikono ile mizito huku mzee anabubujikwa na machozi mbele za watu. Akaiambia kamati kwamba mtoto wake ataendelea. Mama wa mmoja wa wale wawili wa mwambani akasema na wake pia. Pendekezo likafa, na skafu ya Binti Seremala ikatoka mwezi uleule.

Tangu siku hiyo, kwenye korongo, kwenye jabali, kwenye barabara ya magari, pipi inatemwa. Kiongozi anauliza kwa sauti, wa mkiani anajibu kwa sauti, na skauti yeyote, hata aliyejiunga jana, akiinua ngumi, msafara wote unasimama bila kumuuliza kwa nini. Mikoa mingine imekuja kuiga utaratibu huo, na walimu wao hulala kwenye mahema yangu na kuyarudisha na matope.

Kwa hiyo, Mzee Mkia, pokea shukrani zetu. Umezoea kutembea nyuma ya watoto wa watu, mandhari yako ikiwa migongo na mabegi. Umeidai stoo yangu kamba mpya kila msimu, nami nimekununia kila msimu, na kila msimu ulikuwa na haki. Mkeo ametuomba turudishe mume na pipi zilizobaki. Mume tunamrudisha.

Kiti chako anakikalia Binti Seremala, hilo umeshalisikia. Ambalo hujalisikia ni kwamba Jumamosi, tukitoka ukumbini kukusindikiza hadi getini, hutakuwa mkiani. Vikosi vyote vitapanga mstari nyuma yako, na mwisho kabisa atakuwepo yeye, pipi shavuni. Ukifika getini geuka umtazame. Atainua mkono, na safari hii kiganja kitakuwa wazi, kimeelekezwa njiani. Ishara hiyo umetufundisha wewe, na ina maana moja: pita, njia ni salama.

Pita, mzee wetu. Uishi vyema, na utunzwe.