Kasimiri na Mbwa Waliozuia Mizigo

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Mlio mjini, mlio Kihonda, na ninyi wa milimani mnaofunga waya wa antena kwenye mparachichi ili mtupate, karibuni. Leo tunamkumbuka Mzee Kasimiri. Kasimiri wa mbwa. Wengi mlimjua kwa jina hilo, na mwenyewe hakulichukia. Amefariki dunia hivi karibuni kwa kichomi, nyumbani kwa mkewe, milimani juu ya Bigwa. Tulipanda huko kuzungumza na wafiwa. Miguu bado inatuuma, lakini habari tumeshuka nayo.

Tuanzie kiwandani. Kasimiri alikuwa mlinzi mwenye mbwa katika kiwanda kimoja cha nguo, enzi zile viwanda ni mali ya umma. Kila mtu alijua kwamba kitambaa hutoka kiwandani kwa njia mbili, ndani ya lori au kiunoni mwa mtu. Kwa hiyo mbwa wa getini walifundishwa jambo moja tu. Mtu akitoka na mzigo, mbwa anakwenda kukaa mbele yake. Habweki. Hang'ati. Anakaa. Mtu akihamia kulia, naye anahamia kulia. Anakaa mpaka mlinzi wake aje, amshike shingoni, amwambie, "Achia." Mlikumbuke hilo, wasikilizaji. Mtu na mzigo, mbwa anakaa mbele.

Kikaja kipindi cha ubinafsishaji. Kiwanda kikauzwa. Watu wakapunguzwa kazi, wengine wakiwa na sare mwilini. Mwenye mali mpya akaja na walinzi wake wenye bunduki, na mbwa wakakosa kazi kama wenzao wa miguu miwili. Amri ikatoka wapigwe risasi. Kasimiri akaenda ofisini kuwaomba. Meneja aliyekuwa akifungasha vitu vyake alimshangaa. "Wenzako wanaomba cherehani, Kasimiri, wewe unaomba midomo minne ya kulisha?"

"Nimewafundisha mimi, mzee," Kasimiri alijibu. "Siwezi kuwaacha."

Akapewa. Gari la kuwabeba halikupatikana, kwa hiyo alitembea nao. Kutoka Kihonda, akakatisha mji mzima, mbwa wanne wamefungwa kamba moja, watoto wakimfuata na kumzomea, hadi akaanza kupanda mlima. Alipofika nyumbani, mkewe Rosa alikuwa anapalilia karoti. Rosa anasema hakumuuliza kitu. "Niliona uso wake," alituambia. "Nikaenda kuongeza unga kwenye sufuria."

Sasa hapo ndipo tabu ilipoanzia. Kwa Waluguru, kama wengi mnavyojua, ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Kasimiri alikuwa amehamia kwa mkewe. Shamba lile lilikuwa la mama mkwe wake, Bibi Anastasia, mwanamke mrefu, mkali, aliyeamka kabla ya jogoo na kuwalaumu jogoo kwa uvivu. Na mkwe hamkaribii mama mkwe. Wakikutana njiani, mkwe anaacha njia, anasimama majanini, anageuza uso. Hampi mkono. Hasemi naye ana kwa ana. Akiwa na neno, anamtuma mtu.

Asubuhi ya kwanza, wanawake wa kitongoji walishuka kama kawaida kwenda sokoni mjini. Kila mmoja na tenga lake kichwani, kabichi, karoti, magimbi. Mbwa wa Kasimiri wakaona kitu ambacho hawajapata kukiona maishani mwao, watu wengi namna ile wanatoka na mizigo bila aibu. Wakakaa njiani. Safu nzima ikasimama. Na aliyekuwa mbele ya safu ni Bibi Anastasia, tenga la kabichi kichwani, akitazamana na mbwa jike aliyeitwa Geti.

Kasimiri akaja mbio, halafu akakwama. Kumwachisha Geti lazima amshike shingo. Kumshika shingo lazima amsogelee mama mkwe. Akatafakari pale majanini. Kisha akageuka, akaanza kwenda kinyumenyume, kisogo kwa mama mkwe, mkono ukipapasa nyuma yake hewani. Mara ya kwanza ulishika udongo. Ya pili ulishika miiba. Ya tatu ulishika mbwa. "Achia," akasema, akiwa anatazama bonde. Wanawake walicheka hadi matenga yakayumba. Bibi Anastasia hakucheka. Alisema kwa sauti, akiwaambia wenzake, "Mwambieni huyo bwana, mimi si mwizi wa kabichi zangu."

Mambo yakawa hayo kila asubuhi. Kabichi zilichelewa sokoni, na kabichi iliyochelewa ni chakula cha mbuzi. Bibi Anastasia akampelekea shauri kaka yake, Mzee Tomasi, mkuu wa ukoo. Ukoo ukakaa. Uamuzi ukawa mfupi. Mpaka masika yaishe, ama mbwa wawe wameacha tabia hiyo, ama washuke walikotoka, na mwenye mbwa ashuke nao.

"Watu wa mjini huenda wakaona ni jambo dogo," Rosa alituambia. "Kwetu mume ni mgeni. Akiambiwa ashuke, anashuka peke yake. Watoto wanabaki, shamba linabaki, mimi nabaki. Na mimi nilimpenda, hata na hao mbwa wake."

Basi Kasimiri akaanza kufundua alichofundisha. Kila siku Rosa alijitwika tenga, akapita mbele ya mbwa. Kasimiri aliwashika shingo, akasema, "Apite." Rosa akapita, akarudi, akapita. Shingo ilimkakamaa. Taratibu mbwa wakaelewa kwamba huku watu wanatoka na mizigo yao wenyewe. Wakapata na kazi nyingine. Waliwafukuza nguruwe pori mahindini na ngedere migombani, na majirani waliokuwa wakiwatukana wakaanza kuwaletea ukoko. Watatu walibadilika kabisa. Geti hakubadilika. Geti alikuwa mbwa wa kiwanda hadi kwenye mifupa. Kasimiri akamfunga kamba nyuma ya nyumba, migombani, akaomba Mungu ukoo usiulize habari zake.

Mwaka uliofuata, Bibi Anastasia akaanza kusahau. Mwanzoni alitia chumvi mara mbili. Kisha akamwita Rosa kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Kisha akawa anafunga vitu vyake kwenye kanga na kusema anakwenda kwa mama yake. Mama yake alizikwa zamani sana, wakati Rosa hajazaliwa. Watu walimrudisha kwa maneno matamu, naye akakaa.

Ikafika ile mvua kubwa, ile mnayoiita Elinino, iliyobomoa barabara na kung'oa madaraja. Jumapili moja watu walikuwa misani. Bibi alibaki nyumbani kwa kuwa alikohoa. Akafunga mzigo wake. Akatoka. Mbwa watatu walikuwa wamelala kibarazani. Walimwona, wasikilizaji. Walimwona bibi na mzigo, wakatikisa mikia, wakamwacha apite. Ndivyo walivyofundishwa, na ni yeye bibi aliyeshinikiza wafundishwe.

Watu waliporudi, kitanda kitupu. Wakatawanyika kwenye ukungu, wakiita. Mvua ilikuwa inameza sauti. Kasimiri alisimama kibarazani akiwatazama mbwa wake watatu, na Rosa anasema hapo ndipo alipomwona mumewe analia. "Nimewaharibu," alisema. "Nimewafundisha wasijali."

Kisha akaenda migombani akamfungua Geti. Akamnusisha mto wa kulalia wa bibi. Geti hakuwa mbwa wa kufuata nyayo, hakufundishwa kazi hiyo. Lakini pua ni pua. Alizunguka nyumba, akaingia njia ya msituni, Kasimiri akimfuata kwa kuteleza na kuanguka, hadi akampoteza machoni. Akaendelea kushuka kuelekea mtoni. Mto ulikuwa umefurika, unabeba magogo.

Aliwakuta ukingoni. Bibi Anastasia amekaa juu ya mzigo wake, amelowa, anatetemeka. Mbele yake, kati yake na maji, amekaa Geti. Bibi alikuwa anamgombeza. "Nipishe, mbwa wewe. Mama ananingoja ng'ambo." Geti alikuwa anamtazama tu, kama alivyowatazama wezi wa vitambaa.

Bibi alikuwa amesahau mengi. Alisahau mwaka, alisahau misiba. Lakini alipomwona Kasimiri alivuta kanga akafunika uso, kwa kuwa huyu ni mkwe. Na Kasimiri, ambaye alitaka kumbeba mgongoni akimbie naye, akasimama. Angemgusa pale ukingoni, bibi angeruka kumkwepa. Akageuka, akampa kisogo. Akarudi kinyumenyume, safari hii hakuna aliyecheka, akamfunga Geti kamba shingoni. Ncha ya pili akairusha nyuma bila kutazama, bibi akaishika, na mbwa alipovuta, akamfuata. Akatangulia, akivunja matawi na kukanyaga tope ili lishikane. Nyuma yake mbwa. Nyuma ya mbwa, mama mkwe.

Walipanda hivyo. Na wakazungumza, wasikilizaji wapendwa, kwa heshima zote za ukweni, kwa kumtuma mbwa.

"Mbwa, mwambie apunguze mwendo," bibi alisema.

"Geti, mwambie bibi tumekaribia," Kasimiri alijibu.

"Mwambie anadanganya. Mlima huu naujua."

"Mwambie namwomba radhi kwa yale ya kabichi."

Bibi alivuta kamba, akapanda hatua mbili. Kisha akasema, "Mwambie ameshasamehewa. Kabichi zenyewe hazikuwa nzuri."

Mzee Tomasi aliwapokea kwenye kona ya shamba. Alipoulizwa baadaye kuhusu masharti ya ukoo, aliuliza, "Masharti gani?" Geti hakufungwa tena. Kuanzia siku ile Kasimiri alifundisha mbwa kwa namna mpya. Wawaache wachuuzi wapite. Wamzuie yule mmoja tu, mzee ambaye njia imempotea kichwani. Wenye wazazi wa namna hiyo wakaanza kuja, kutoka vitongoji vya juu na hata mjini, kuomba mbwa mmoja. Geti akazaa, na watoto wake wakagawiwa wote. Kasimiri akashuka kuokota wengine, wale walioachwa mitaani na watu waliopunguzwa kazi wakarudi kwao. Mbwa asiyetakiwa na mtu, aliamini Kasimiri, hujifunza upesi kukaa na mtu. Inawezekana alikuwa sahihi. Sisi tuliona wengi wao, na hawakutuzuia.

Siku ya maziko watani walifanya yao. Walilala njiani mbele ya jeneza, wakabweka, wakakataa kupisha mpaka wapewe mfupa. Padri alisubiri. Hata Rosa alicheka, machozi yakimtoka.

Bibi Anastasia angali hai, mzee sana sasa. Asubuhi baada ya maziko alitoka nje akauliza, "Yule mwenye mbwa yuko wapi?" Rosa akamwambia ukweli. Bibi akalia kama aliyefiwa na mwana wa tumbo lake. Kesho yake akauliza tena. Amesahau. Rosa akamwambia tena, na bibi akalia upya, kilio cha mtu anayeipata habari kwa mara ya kwanza. Siku iliyofuata Rosa hakuweza. "Nikasema, mama, yuko kazini. Akasema, haya, akirudi mwambieni ale."

Kwa Rosa, kwa watoto, kwa Mzee Tomasi na ukoo wote, tunatoa pole zetu. Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema. Lakini Rosa ametuomba jambo. Saa hii redio ya nyumba ile imezimwa, bibi asisikie. Kwa hiyo ninyi majirani mnaotusikia, mfikishieni Rosa pole hii pembeni, kwa sauti ya chini. Na kila mwenye mzee nyumbani ajiulize leo, ni nani anayekaa mbele ya mzee huyo pale anapotaka kupotea. Mkimkuta bibi njiani, akawauliza yule mwenye mbwa yuko wapi, msimwambie mliyoyasikia hapa. Yuko kazini.