Mama Vumbi na Aliyebaki Ndani ya Kioo

Mpendwa wetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mbao, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Wa kwanza ni kaka yake, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Wa mwisho alikuwa mvulana aliyemfuata kwa miaka mitano, na huyo alimlea yeye mwenyewe: alimbeba mgongoni, alimwogesha, alimpigania barabarani. Walikuwa kama chanda na pete.

Alisoma shule ya msingi ya jirani hadi mwaka 1972, kisha akaingia chuo cha ufundi. Shuleni alipewa zamu ya kusafisha madirisha, na aliyang'arisha hivi kwamba siku moja mwalimu mkuu alitaka kutoa kichwa nje amwite mwanafunzi, akajigonga paji la uso mbele ya darasa zima. Msichana alihamishiwa bustanini siku hiyohiyo. Kisa hicho alikisimulia mpaka uzeeni, na kila mara uvimbe wa mwalimu ulizidi kukua.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha vioo vya mapambo. Kwa wasioijua kazi hiyo: vioo viwili hulazwa kimoja juu ya kingine, katikati huwekwa utando wa plastiki pamoja na kitambaa, majani au nyuzi, kisha vyote huingizwa kwenye tanuri mpaka vishikamane viwe kitu kimoja. Ndivyo zinavyotengenezwa zile kuta na milango ya vioo ya mahoteli na zahanati, ambayo hata ikipigwa haimwagi vipande. Kinachofungiwa humo hakitoki tena, hata uwe unywele mmoja. Kwa hiyo alisaka vumbi kama anayesaka mwizi, na wenzake wakambandika jina la Mama Vumbi. Tena alikuwa na mzaha wake. Kabla ya kulaza kioo cha juu aligonga meza na kusema, "Aliye ndani atoke, nafunga mlango." Wenzake walicheka, lakini hakuna aliyewahi kumwona akifunga bila kuyasema maneno hayo.

Mdogo wake naye aliajiriwa hapohapo, akawa mkataji. Alibeba vioo upande wa kushoto miaka yote hata bega hilo likashuka. Asubuhi ya tarehe 3 Agosti 1992, akiwa njiani kwenda kazini, aligongwa na lori akafa papo hapo. Msimamizi aliingia na habari hiyo wakati dada mtu amekwisha kupanga matete makavu juu ya kioo cha ofisi moja ya bima. Hakulia. Mikono ilimaliza kazi yenyewe. Kioo cha juu kikashuka, tanuri likafungwa. Maneno yake hakuyasema. Kesho yake walimzika kijana.

Ofisi ile ilikirudisha kioo kabla ya mwezi kwisha. Mlinzi wao alikuwa ameomba uhamisho, akidai hawezi kulinda mapokezi yenye mtu asiyetoka wakati wa kufunga. Na kweli, katikati ya matete, mahali ambapo fundi hakuweka kitu, alisimama mtu mwembamba wa kijivu, bega la kushoto limeshuka. Meneja alisema ni unyevu. Mama Vumbi aliujua unyevu: huanzia ukingoni, haukai katikati ukakutazama. Alikichukua kioo akaenda nacho nyumbani. "Nimemfungia ndugu yangu," alisema, na tangu siku hiyo hakutaka jambo jingine maishani ila kumtoa.

Alikuwa ameolewa tangu tarehe 6 Desemba 1986 na seremala wa fremu, aliyekuja kiwandani kupima mlango mmoja akaupima wiki nzima. Walijaliwa binti. Mume alikitengenezea kioo fremu yenye miguu, akakisimamisha sebuleni, na kila asubuhi alikisalimu: "Shemeji, umeamkaje?" Wageni walicheka. Binti hakucheka. Kila alipobaki peke yake alikifunika kwa shuka, na kila mara shuka alilikuta sakafuni, limekunjwa vizuri. Mama yake aliposikia alifurahi, akamwambia ndivyo mjomba wake alivyokuwa akikunja nguo.

Mwaka 2021 alipatikana na maradhi ya moyo. Siku madaktari walipomwambia ukweli, alirudi nyumbani akachukua nyundo ya mumewe. Alikipiga kioo mpaka mkono ukaishiwa nguvu. Kilipasuka chote, lakini hakikuanguka kipande hata kimoja, kwa kuwa alikuwa amekitengeneza vizuri. Nyufa zilimzunguka yule mtu, hazikumgusa. Mama Vumbi alikaa sakafuni akalia kile kilio alichokikosa siku ya msiba.

"Mwache, mama," binti alimwambia.

"Nikimwacha, atabaki na nani?"

Binti alikuwa anaogopa, na mama yake aliliona hilo, wala hakumlazimisha.

Alifariki nyumbani, mchana wa Jumatatu tarehe 5 Juni 2023, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe. Asubuhi iliyofuata binti aliingia sebuleni kupangusa kabla watu hawajajaa. Yule mtu hakuwa amesimama. Alikuwa amekaa chini kati ya matete, mikono kichwani, amefiwa.

Wasifu huu ulipokuwa unaandikwa na binti, kaka mkubwa aliusoma akakunja uso. "Aliyekufa hafiwi, mpwa wangu. Futa mstari huu wa mwisho."

"Nenda kamtazame kwanza, mjomba. Kisha kalamu hii hapa, futa mwenyewe."

Alikwenda. Alikaa huko kitambo. Aliporudi hakuigusa kalamu. Aliuliza tu kama mlango wa nyumbani kwa binti ni mpana vya kutosha.

Marehemu ameacha mume, binti, wajukuu wawili, kaka yake mkubwa, na mdogo wake wa kiume, ambaye kuanzia leo atakaa kwa mpwa wake.

Apumzike bila wasiwasi. Mdogo wake tunaye.