Bernadine Kucera na Kadi Saba Zisizosomwa

Marehemu Bernadine Kucera alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika shamba la mahindi nje ya mji wetu wa Hradek, jimbo la Nebraska, akiwa kifungua mimba wa Mzee Emil na Mama Rose Sedlak. Alisoma hapa hapa mjini, kisha akahitimu uuguzi huko Omaha mwaka 1972.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika wodi ya wazazi ya hospitali yetu. Kwa miaka thelathini na minane mikono yake ilipokea karibu nusu ya walioketi humu kanisani leo. Mmoja wao ni mbunge wetu, Mheshimiwa Curtis Ahlberg, aliyezaliwa katika dhoruba ya theluji ya Januari 1975 na hakulia mpaka Bernadine alipomchapa. "Kofi la kwanza nilimpa mimi," alikuwa akisema, "na la pili bado ninalo."

Tarehe 7 Juni mwaka huo alifunga ndoa na Milo Kucera. Ngoma ya polka ikiwa imekolea, aliitwa wodini. Akaenda na shela yake kichwani. Bwana harusi akacheza na mama mkwe mpaka miguu ikawavimba.

Hospitali ilifungwa Oktoba 2023, baada ya fungu la serikali kupunguzwa. Iliyo karibu sasa iko maili sitini na nne, na moyo wa Bernadine ulikuwa umeshaanza kumsumbua. Alihudhuria kila mkutano wa mbunge katika ukumbi wa shule. Aliandika swali lake kwenye kadi kama utaratibu unavyotaka, na wasaidizi wa mbunge wakachambua za kusomwa. Zilisomwa kadi za ushuru wa soya, za ukuta wa mpakani, za vita vya ng'ambo. Yake haikusomwa hata mara moja.

"Dada, hizo kadi zako wanazitupa," aliambiwa na mdogo wake Leland, ndiye anayesoma wasifu huu.

"Wazitupe. We unadhani mkono wangu utachoka kabla pipa lao halijajaa?"

Aliandika saba, swali lile lile: Mtu wa Hradek moyo ukimkamata, unataka afie maili ya ngapi?

Tarehe 14 Mei 2025, saa nane mchana, alianguka jikoni akikanda unga wa kolache, maandazi yetu ya matunda. Alifariki ndani ya gari la wagonjwa, maili ya arobaini na moja. Wapo waliotufariji kwamba Mungu amempenda zaidi. Jamani, tusimsingizie Mungu. Si yeye aliyefunga hospitali. Tuna hasira, na hatuoni haya kuisema mbele ya jeneza.

Ameacha mume, mabinti wawili, Carol na Denise, wajukuu watano, na mdogo wake Leland. Chakula kiko tayari chini ya kanisa, ila sufuria hazifunuliwi mpaka kwanza tupate jibu. Swali la dada tumelichapisha nyuma ya ratiba hii ya ibada mliyoishika, na mheshimiwa yuko nasi, safu ya tatu.

Dada apumzike kwa amani. Kadi ya nane, Curtis, ndiyo hiyo uliyoishika.